Umri wa Maumivu ya Modesti

Saa moja na nusu ya asubuhi, Jumatatu, wanafunzi wanane wa udresa, kazi ya kufunga vidonda, walisimama mstari mmoja kwenye baraza ya wodi ya wanaume, mikono mbele, na Mwalimu Benedikto akapita akikagua kucha. Ulikuwa mwaka 1952, katika hospitali ya Nangurwe, kati ya Lindi na Mtama, maili mbili tu kutoka shamba la mkonge ambalo kila mtu aliliita Kwa Bwana Miwani. Mwanafunzi mmoja, Maftaha, alirudishwa bombani kwa sababu ya kidole gumba. Aliporejea, wote waliingia ndani kusalimia maumivu.

Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya kwanza ya kila siku, kabla ya kupima homa na kufungua bendeji. Mwalimu alifundisha kwamba mgonjwa ukimuuliza anaumwa vipi atakujibu kadiri ya tabia yake. Mwoga ataongeza, aliyezoea shida atapunguza, na wako watu watakaokwambia hawajambo huku wanakata roho, maana ndivyo walivyolelewa. Kwa hiyo usimuulize mgonjwa peke yake. Yasalimie na maumivu yake. Yakiwepo yataitikia kutoka pale yalipo, kwenye goti au jino au mgongo, kwa sauti ya kawaida kama ya mtu aliye chumba cha pili.

Sharti lake ni adabu. Usiku mmoja usiolaliwa huyaongezea maumivu mwaka mmoja wa umri. Jino la siku tatu ni mtoto wa miaka mitatu. Unaliambia hujambo, nalo linasema sijambo, basi. Lakini mguu uliovunjika na kukesha mwezi mzima umeshatimiza miaka thelathini, na kijana wa miaka ishirini na miwili kama Nikodemo, mmoja wa wale wanane, akiuambia hujambo hautamjibu, kama ambavyo mtu mzima yeyote asingemjibu. Anatakiwa auambie shikamoo. Maftaha aliwahi kuchanganya mambo akaliamkia jipu la juzi, likaitikia marahaba kwa furaha mpaka wodi nzima ikacheka, na jipu lile likawa na kiburi wiki nzima, halikubali kupasuliwa.

Kiu ilikuwa somo jingine. Mwalimu aliifundisha siku za Alhamisi, mbele ya kabati la dawa, akionyesha kwa kidole chupa za afyuni zenye vizibo vya kioo. Aliyeizoea dawa ile ya kahawia, alisema, huota kiu, na kiu haingoji kusalimiwa. Inaamkia yenyewe. Inamwamkia kila apitaye, mkubwa kwa mdogo, hata mtoto anayenyonya: shikamoo, kutoka kifuani mwa mgonjwa, huku midomo yake imefumba.

"Mtaiitikia," Mwalimu alisema. "Mtasema marahaba, halafu mtamtafutia mwenyewe kitanda. Msimtukane, msimfukuze. Hakuna aliyezaliwa na kiu hii. Imeletwa na mkono ulioshika kijiko, na mara nyingi mkono huo ni wetu."

"Tukimnyima dawa je, Mwalimu?" Nikodemo aliuliza.

"Ukimnyima ghafla utakuwa umemsukuma kisimani. Unapunguza tone moja kwa siku. Leo arobaini, kesho thelathini na tisa. Unamshusha kwa ngazi, wewe ukiwa chini yake."

Alijua anachosema. Vitani, huko Burma, kipande cha chuma kilimwingia nyongani, akadungwa sindano miezi mitano, na aliporudi kwao Kikole alikuwa akiwaamkia mpaka mbuzi. Mtawa mmoja mzee ndiye aliyemshusha tone kwa tone, na kila alipofika hapa kwenye hadithi yake Mwalimu alivua kofia na kujifuta macho bila kuona haya. Nikodemo alimpenda. Alikuwa hajapata kumwona mtu mzima anayefundisha kwa kutumia aibu yake mwenyewe, na aliamini kwamba mtu wa namna hiyo hawezi kukugeuka.

Kwa hiyo alimleta mjomba wake.

Kwa Wamwera mjomba si ndugu wa mbali wa kutembelewa sikukuu. Modesti ndiye aliyemtoa Nikodemo jandoni, ndiye aliyempeleka shule ya misheni, na ndiye ambaye siku moja Nikodemo angerithi jina lake. Alikuwa mlishaji wa mashine Kwa Bwana Miwani, pale kwenye korona, kazi ya kusukuma majani ya mkonge yasagwe zibaki singa, zile nyuzi zake. Asubuhi moja mashine ilivuta jani pamoja na mkono wa kushoto. Mkono ukakatwa kwenye kifundo, na kidonda kikafunga vizuri, lakini maumivu hayakufunga. Katika zahanati ya shamba walimpa dawa ya kahawia, matone arobaini kila alfajiri kabla king'ora hakijalia, na kwa matone hayo aliweza kufunga mizigo ya singa kwa mkono mmoja na meno. Alifunga hivyo miezi saba. Halafu akaanza kuomba matone hamsini, na nyapara akasema huyu sasa ni mlevi, akamtoa.

Nikodemo alimkuta Mtama, nyumbani kwa Rosa, mama yake Nikodemo na dada wa Modesti, amelala chumba cha uani, anatetemeka. Alipoinama mlangoni kiu ikamwahi.

"Shikamoo."

"Marahaba," Nikodemo akaitikia, kama alivyofundishwa. Kisha akaugeukia mkono usiokuwepo. "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," maumivu yakasema. Sauti ilikuwa ya kizee kikongwe, maana usiku aliokesha Modesti ulikuwa umepita mia mbili.

Rosa alikuwa akichambua choroko kizingitini. Akasema ile inayosema shikamoo imemchosha, inawaamkia hata kuku, lakini yale mengine yana heshima na huwa yanaongea naye jioni habari za zamani.

"Twende hospitali kwetu, mjomba," Nikodemo akasema.

"Hospitali ndiko nilikotoka hivi."

"Ile ilikuwa ya shamba. Mwalimu wetu anasalimia kwanza. Atakuamini."

Modesti alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa masihara, zamani, mtu wa kutania wafiwa mpaka wacheke, na kumwona anafikiria hivi kulimuumiza mpwa wake kuliko kumwona anatetemeka. "Ni kwa neno lako, basi," akasema. "Mimi sina imani na mtu mwenye kijiko. Nakwenda kwa neno lako."

Mwalimu Benedikto alimpokea mwenyewe. Aliviringisha shati la Modesti mpaka kwenye kiwiko, akausogelea utupu uliokuwa mbele ya kifundo, na ingawa alikuwa na miaka arobaini na tisa na mvi zake za heshima, aliinamisha kichwa akasema shikamoo. Maumivu yakasema marahaba. Mwalimu akawageukia wanafunzi akawaambia waandike. Kitanda kikapatikana karibu na dirisha. Wakaanza na arobaini.

Siku kumi na nane walishuka naye. Siku ya tano alitapika uji wote. Siku ya tisa alikula. Siku ya kumi na mbili alimtania Maftaha kwamba kwa kucha zile angefaa kulima mihogo, na kiu yake, iliyokuwa ikiwaamkia watu kuanzia mlangoni, ikawa inaamkia wale tu waliokaa kitandani, kwa sauti ya chini. Walifika matone ishirini na mawili. Zilibaki wiki tatu. Nikodemo alizihesabu kila asubuhi akinawa, na alikuwa na furaha ambayo hakumwambia mtu.

Ndipo habari zikafika Lindi. Padri mmoja alipita Kwa Bwana Miwani alfajiri, akakuta watu arobaini wamepanga foleni kwenye dirisha la zahanati, vikombe mkononi, na wote arobaini wakamwamkia kwa pamoja huku midomo imefumba. Padri hakushangaa, alikuwa na miaka mingi nchini, ila aliandika barua. Serikali ikawatuma daktari na bwana wa kazi, msimamizi wa mambo ya vibarua, waje kuuliza jambo moja. Kama watu hawa wana maumivu, basi shamba limewaumiza, na lazima walale hospitali watibiwe taratibu. Kama wana kiu tu bila maumivu, basi ni walevi wa kawaida, warudishwe kwao. Na kwa kuwa Modesti ndiye pekee aliyekuwa na kitanda, ingeamuliwa kwake, na wengine wangefuata.

Siku moja kabla ya baraza la uchunguzi huo, gari la Bwana Miwani lilisimama uani. Yeye na Mwalimu walikunywa chai ofisini, mlango wazi, wakizungumza habari ya mvua. Alipoondoka, Mwalimu alimsindikiza mpaka kwenye gari. Nikodemo aliona na hakufikiria chochote, kwa sababu Mwalimu alikuwa na desturi ya kumsindikiza kila mgeni.

Baraza lilikaa katika chumba cha kufungia vidonda, kwa vile ndicho kilichokuwa na viti. Daktari alikaa mezani na karani wake, bwana wa kazi kando, Bwana Miwani dirishani akifuta miwani. Modesti aliwekwa kwenye kiti cha katikati, shati limeviringishwa. Wanafunzi wanane walisimama ukutani.

Kiu ilianza. Ilimwamkia daktari, ikamwamkia bwana wa kazi, ikamwamkia Bwana Miwani. Karani aliandika: mara tatu.

"Sasa maumivu," daktari akasema. Kiswahili chake kilikuwa safi. "Dresa mkuu ndiye mwenye cheti cha kusalimia. Endelea, Benedikto."

Mwalimu alisogea. Alisimama mbele ya Modesti, wima, mikono nyuma. Hakuinamisha kichwa.

"Hujambo?" akasema.

Chumba kizima kilisikia. Wanafunzi wanane walisikia, nao walijua, kwa kuwa wao wenyewe waliwahi kupigwa rula kwa kosa hilohilo. Maumivu ya Modesti yalikuwa na umri wa miaka mia mbili na ushei, na mtu wa miaka arobaini na tisa amesimama mbele yake anayasalimia kama mtoto aliyetumwa chumvi. Yakanyamaza. Yalinyamaza kama anavyonyamaza mzee aliyevunjiwa heshima mbele za watu, na kila aliyekuwa na wazee kwao aliuona ukimya ule ulivyokaa.

"Hujambo?" Mwalimu akarudia, kwa sauti kubwa kidogo.

Karani aliandika: kimya, mara mbili.

Modesti hakumtazama Mwalimu. Alimtazama mpwa wake. Hakukuwa na hasira usoni mwake, na hilo ndilo Nikodemo alilolikumbuka baadaye kila alipotaka kulisahau. Alikuwa anangoja tu, kama mtu aliyekuja mahali kwa neno la mwenzake.

Nikodemo akatoka ukutani. Akainama mbele ya mkono usiokuwepo, akasema, "Shikamoo."

"Marahaba, mwanangu," maumivu yakasema. "Nilidhani humu hamna mtu."

Daktari aliweka kalamu chini. Bwana wa kazi aligeuza kichwa. Wote walisikia, na hakuna aliyejifanya hakusikia. Palikuwa na dakika moja ambayo jambo lingeweza kwenda upande wowote.

"Huyu ni mpwa wake, Bwana," Mwalimu Benedikto akasema kwa upole. "Na hajafanya mtihani."

Daktari alishusha pumzi, na mtu angeweza kusema ni pumzi ya kutua mzigo. Akamweleza karani kwamba salamu ya mwanafunzi haina uzito, na salamu ya ndugu haina uzito, kwa hiyo maumivu hayajamwitikia mtu yeyote anayehusika. Karani akauliza aandike nini. Akaambiwa aandike: kiu ipo, maumivu hayapo. Bwana Miwani akavaa miwani yake. Modesti akaambiwa afungashe.

Nikodemo alimfuata Mwalimu mpaka kwenye kabati la dawa. 

"Ulisema hujambo, Mwalimu."

"Nilisema."

"Uliyaamkia shikamoo siku ile ya kwanza. Mbele yetu. Ukatuambia tuandike."

"Niliwaambia." Mwalimu alifungua kabati, akatoa chupa moja ya afyuni, akaigeuza Nikodemo aone karatasi yake. Palikuwa na jina la zahanati ya shamba, na chini yake sahihi ndefu yenye mkia, ileile iliyokuwa kwenye madaftari yao yote. "Chupa zote za kule zinatoka hapa. Miaka minne. Mkono wa mjomba wako ukiitikia katika baraza la serikali, nafungwa mimi, na shule inafungwa. Nina wanafunzi wanane. Nani atawafundisha watu mambo haya?"

"Mambo gani?" Nikodemo akauliza.

Mwalimu akairudisha chupa mahali pake, akafunga kabati, akajaribu kama limefunga kweli. Macho yake yalikuwa na machozi, yaleyale ya siku za Alhamisi. Nikodemo aliyaona na kwa mara ya kwanza yalimchukiza.

Modesti aliondoka saa nne na kikapu chake, kutoka matone ishirini na mawili mpaka sifuri. Maumivu hayakwenda naye. Yalikuwa yameandikwa kwamba hayapo mwilini mwake, kwa wino wa serikali, na maumivu ya umri ule hayabishani na serikali. Yalibaki katika chumba cha kufungia vidonda, kwenye kiti cha katikati. Modesti alitembea mpaka getini bila mkono wake kumuuma hata kidogo, mara ya kwanza tangu siku ya mashine, akiwa na kiu tupu. Kwa hiyo tangu saa ile maandishi ya karani yakawa kweli, na hata kama daktari mwingine mwema angekuja na kusalimia kwa adabu zote, asingepata wa kumwitikia.

Wale arobaini walirudishwa kwao siku hiyohiyo. Baada ya wiki moja walianza kurejea mmoja mmoja, kwa miguu, wengine wakitambaa, wakaomba kazi Kwa Bwana Miwani, na yeye hakuwa na moyo mgumu, aliwapokea wote. Rosa alituma salamu kwamba Modesti ametoka nyumbani siku ya nne, bila viatu, na kwamba hakuaga.

Pale Nangurwe wanafunzi waliyazoea maumivu ya kwenye kiti. Kilisogezwa karibu na dirisha yapate hewa. Maftaha alikuwa akiyapa habari za mjini, nayo yalimsikiliza, na kila mwaka wanafunzi wapya walipoingia walianzia kwayo, kwa kuwa yalikuwa na subira na yaliitikia vizuri. Mwalimu Benedikto aliyaamkia kila asubuhi akipita. Aliinamisha kichwa, akasema shikamoo kwa sauti nzuri, na yakamwitikia marahaba bila kinyongo, maana sasa alikuwa amesema sawa.

Nikodemo alifaulu mtihani, wa kwanza katika darasa lake. Swali la adabu za salamu alipata alama zote, na Mwalimu akaandika pembeni: mwanafunzi wangu bora. Cheti kilikuja pamoja na barua ya kumpangia kituo. Bwana Miwani alikuwa ameomba dresa kwa zahanati ya shamba, na Mwalimu alikuwa amemtaja yeye.

Alikataa siku mbili. Siku ya tatu alifikiri kwamba asipokwenda yeye atakwenda mtu asiyejua kuhesabu matone, na kwamba akiwa pale ataweza kuwashusha polepole, bila kelele, tone moja kwa siku. Alikubali. Kwa wiki nzima alimimina thelathini na tisa, thelathini na nane, thelathini na saba, na hakuna aliyegundua. Wiki ya pili mizigo ya singa ikawa inalegea, nyapara akalalamika, na siku iliyofuata ikaja karatasi kutoka Nangurwe yenye sahihi ndefu yenye mkia: arobaini kamili, bila kupunguza. Nikodemo aliishika karatasi ile asubuhi nzima. Alijiambia kwamba akifukuzwa yeye, hawa arobaini watabaki na nani. Alijisikia akilisema jambo hilo, akakumbuka ni sauti ya nani, akamimina arobaini.

Modesti alifika dirishani alfajiri ya Ijumaa, kikombe kimebanwa kwapani, mkono wa kulia umejaa michubuko ya singa. Alikuwa wa kumi na moja katika foleni. Alikuwa amekonda, lakini ndevu zilikuwa zimenyolewa.

"Shikamoo," kiu ikasema.

"Marahaba," Nikodemo akasema. Kisha, kwa sauti yake mwenyewe, "Shikamoo, mjomba."

Modesti aliweka kikombe dirishani. Macho yake yalikuwa kwenye chupa. Nikodemo alimimina polepole, akihesabu, tone kwa tone, bila kukosea hata tone moja, kwa sababu alikuwa amefundishwa vizuri. Alipofika arobaini akafunga kizibo. Modesti akanywa, akafumba macho, akayafumbua. Kwa muda mfupi uso wake ulirudi kuwa ule wa zamani, na Nikodemo akainama dirishani apate kusikia chochote kitakachosemwa, hata kama ni tusi.

"Ahsante, dresa," Modesti akasema, akampisha aliyekuwa nyuma yake.